Mafuta Gani kwa Mpira wa Mlango? Kutunza Raba za Gari katika Barabara za Masisi na Walikale

Mpira unaozunguka fremu ya mlango wa gari hujaza mwanya ulioachwa kati ya chuma na chuma. Mlango ukifungwa, mpira hubanwa na kulala; hapo maji, vumbi, moshi na kelele hukosa pa kupitia. Mlango ukifunguliwa, mpira hurudi katika umbo lake. Faida yote ya mpira huo imo katika kurudi huko. Ukikauka ukawa mgumu hauwezi kulala. Ukilowa mafuta yasiyo yake ukawa teketeke, hauwezi kuinuka. Kwa vyovyote, gari huanza kuvuja.

Barabara inayotoka Goma, ikapita Sake, ikapanda milima hadi Masisi-kati na Nyabiondo, kisha ikateremka kuelekea Walikale, huutesa mpira kuliko barabara nyingi. Sake iko karibu na Ziwa Kivu, ambalo maji yake yamekaa kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Milima ya Masisi hupita mita 2,000. Walikale iko upande wa pili, katika msitu wa ikweta, chini kabisa ukilinganisha na malisho ya ng'ombe ya Masisi. Gari moja, kwa safari moja, hupitia jua kali la nyanda za juu, ukungu wa baridi, matope ya kufika kwenye ekseli na joto lenye unyevu la msituni.

Pamoja na hayo kuna kujipinda. Tairi la mbele kushoto likitumbukia shimoni huku la nyuma kulia likiwa juu ya jiwe, bodi nzima ya gari hujinyonga kidogo. Fremu ya mlango hubadilika umbo kwa milimita chache, kisha hurudi. Kila inapofanya hivyo, mpira husugua rangi. Ule mlio wa kukereza unaosikika ndani ya Land Cruiser ikipanda mlima polepole, ambao abiria wengi hudhani ni springi, mara nyingi ni mpira mkavu unaosuguana na chuma kilichopakwa rangi. Kilainishi kinapokuwepo, mpira huteleza na mlio hunyamaza. Kisipokuwepo, mpira huchubuka kidogo kidogo mpaka mdomo wake unakatika.

Ni kwa sababu hiyohiyo suala la vilainishi vya mpira limechunguzwa zaidi na wenye magari ya paa la kukunja, yale ambayo paa lake hufunguliwa likalazwa nyuma. Gari la namna hiyo halina paa la chuma la kushikilia bodi, kwa hiyo hujipinda zaidi kuliko gari la kawaida. Na paa lake hukutana na vioo na fremu ya mbele kwa vipande vingi vya mpira, siyo kwa kimoja. Huko Ulaya, Japani na Marekani wenye magari hayo wamejifunza kwamba kosa la kuchagua mafuta huonekana mapema: paa hulia, kisha huvuja. Magari ya namna hiyo hayana kazi katika milima ya Masisi. Lakini Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo mpaka leo hubeba wagonjwa, chanjo, maofisa na wafanyabiashara huko, hujipinda kwa sababu ya barabara yenyewe. Somo ni lilelile.

Kabla ya kuchagua mafuta, yafaa kujua mpira umetengenezwa kwa nini, maana neno mpira limebeba vitu vingi visivyofanana.

Mpira wa asili hutoka kwenye utomvu wa miti na mitambaazi. Wakongo wanaujua kwa uchungu: chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, katika Dola Huru ya Kongo ya mwaka 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kuingia msituni kukusanya utomvu wa mitambaazi, na walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa waliadhibiwa, hata kukatwa mikono na kuuawa. Tairi na mishipi ya mashine huko Ulaya ndivyo vilivyokuwa vikiuhitaji mpira huo. Aliyeuwezesha mpira kutumika hivyo ni Mmarekani Charles Goodyear, aliyegundua mwaka 1839 kwamba utomvu ukipikwa pamoja na salfa huacha kunata na huanza kunyumbuka. Haki ya ugunduzi wake aliipata mwaka 1844. Mpira wa asili una nguvu na hunyumbuka vizuri, na bado hutumika kwenye tairi na kwenye bushi za chasisi. Lakini una maadui wawili: mafuta ya petroli na ozoni ya hewani. Ukinyooshwa ukaachwa juani, ozoni huukata nyufa ndogondogo zinazopita kwa upana.

Mipira ya milango na vioo ya magari ya siku hizi kwa kawaida si ya asili. Ni ya kiwandani, aina inayoitwa EPDM, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na uvumbuzi wa kikemia wa Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. EPDM huvumilia jua, ozoni, maji ya moto na baridi kwa miaka mingi. Isichovumilia ni mafuta ya petroli. Aina ya tatu ambayo fundi hukutana nayo kila siku ni mpira wa nitrili, uliobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 mahususi kwa ajili ya kukaa ndani ya mafuta. Sili za shoki za mbele za pikipiki na mipira mingi ya injini ni za nitrili; hizo huoga mafuta maisha yao yote bila kudhurika, lakini zikiwekwa juani mahali pa mpira wa mlango, hupasuka upesi.

Hapa ndipo kosa la wengi linapoanzia. Fundi ameona maisha yake yote kwamba mafuta ya moteri na grisi huokoa vyuma. Ameona pia mipira ya injini ikiishi ndani ya mafuta hayohayo. Anaona mpira wa mlango umekauka, anachovya kitambaa kwenye kopo la mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini, anapaka. Mpira unang'aa, unakuwa mweusi kama mpya, mlango unafunga bila mlio. Mwenye gari anaridhika na kulipa. Kinachofuata hakionekani siku hiyo.

Mafuta ya petroli na mpira wa EPDM vimeumbwa kwa minyororo ya kaboni na haidrojeni inayofanana. Vitu vinavyofanana hivyo hupokeana: mafuta huingia polepole katikati ya minyororo ya mpira na kuisukuma mbalimbali. Mpira huvimba kama maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha. Ukivimba, huwa laini na kukosa nguvu, hukatika kwa urahisi, na huchomoka kwenye mfereji wake kwa kuwa umekuwa mrefu kuliko nafasi yake. Mafuta yakija kukauka au kuoshwa na mvua, huondoka na baadhi ya vitu ambavyo kiwanda kiliweka ili mpira ubaki mnyumbufu, na mpira unaobaki ni mgumu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mafuta yaliyotumika kwenye injini yana ubaya zaidi, kwa sababu yamebeba masizi, asidi na chembe za chuma.

Asiyeamini anaweza kujionea kwa gharama ndogo sana. Katika garaji yoyote hakukosi kipande cha mpira wa mlango uliotolewa kwenye gari bovu. Vikatwe vipande viwili vya urefu mmoja, sehemu ile ngumu isiyo na sponji, na vilazwe kwenye karatasi kuchorwa ukingo wake kwa kalamu. Kimoja kiwekwe ndani ya kopo la mazutu au mafuta ya moteri, kingine ndani ya kopo la glisarini, na vyote vifunikwe. Baada ya wiki moja vipanguswe na kurudishwa juu ya michoro yao. Kile cha glisarini kwa kawaida hukaa ndani ya mstari. Kile cha mafuta huwa kimevuka mstari, na kikibonyezwa kwa kucha, alama hubaki. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kushindana na ushahidi huo.

Mafuta ya moteri na mazutu, basi, yakae mbali na mpira wa mlango. Grisi ya kawaida ya bearing nayo ni ya petroli. Hainyonywi kwa kasi ileile lakini mwisho wake haubadiliki. Vaselini ya kupaka mwilini, ambayo inapatikana kila kioski, huwadanganya watu kwa upole wake kwenye ngozi, kumbe nayo hutokana na petroli. Wauguzi huwaonya watu wasiitumie pamoja na kondomu za mpira wa asili kwa sababu hudhoofisha mpira huo, na sababu ni ileile inayoharibu raba ya gari. Dawa ya kupuliza ya WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji juu ya chuma, ni nzuri kwa boliti zilizoshika kutu. Kopo lake la kawaida ni la petroli na si la kutunzia mpira. Kampuni hiyohiyo huuza kopo lingine la silikoni, na hilo ni jambo tofauti.

Mafuta ya mawese yanastahili neno lake, kwa sababu Walikale ni nchi ya michikichi na mafuta hayo ni ya karibu na ya bei nafuu kuliko chochote kinachotoka Goma. Hayaharibu mpira haraka kama mazutu. Lakini huganda kwenye ubaridi wa milimani, hunasa vumbi likawa uji mzito, huchacha na kunuka, na harufu yake huita panya na mende. Panya akishaonja mpira wenye mafuta, hatasubiri mwenye gari aupake tena. Mawese yabaki jikoni.

Wengine hutumia mafuta ya breki kwa kuwa wamesikia kwamba hayaharibu mpira. Ni kweli kwamba yametengenezwa kwa glikoli, na mpira wa EPDM huyavumilia. Lakini hayo hula rangi ya gari. Tone moja likitiririka kutoka kwenye fremu ya mlango huacha njia iliyobabuka mpaka kwenye chuma, na katika mvua za Walikale chuma kilichobaki wazi hupata kutu mara moja.

Kati ya vilainishi vinavyofaa, cha kwanza ni silikoni. Mafuta ya silikoni hayatokani na minyororo ya kaboni. Uti wake ni silikoni na oksijeni, na kwa hiyo hayaingii ndani ya mpira wa EPDM, hukaa juu yake. Hayagandi kwa baridi, hayayeyuki kwa jua, na maji hayayaoshi kwa urahisi. Hupatikana kwa namna mbili: grisi ya silikoni ya kwenye tyubu, na kopo la kupuliza. Grisi ni bora kwa mpira wa mlango na wa mlango wa nyuma, kwa sababu hukaa miezi kadhaa. Kopo la kupuliza ni rahisi, lakini lebo yake isomwe: baadhi ya makopo huchanganya silikoni kidogo na viyeyushi vingi vya petroli, na viyeyushi hivyo ndivyo vinavyoingia ndani ya mpira kabla havijakauka. Bidhaa nyingi zinazofika Goma zina maandishi ya Kifaransa. Maneno ya kutafuta ni "graisse silicone"; ya kuepuka ni "à base de pétrole" au "hydrocarbures" yakiwa juu ya orodha.

Silikoni ina masharti yake. Isifike kwenye kioo cha mbele, kwani wakati wa mvua hutengeneza utando unaotawanya mwanga wa taa. Isipulizwe ndani ya garaji penye kazi ya rangi, kwa sababu chembe zake zikitua juu ya bodi, rangi mpya hukataa kushika na kufanya vishimo vidogo kama macho ya samaki. Mafundi rangi huiogopa kwa haki. Na isipakwe juu ya mpira ambao wenyewe umetengenezwa kwa silikoni, maana hapo ndugu kwa ndugu hupokeana na mpira huvimba. Mpira wa silikoni ni nadra kwenye milango. Huonekana zaidi kwenye mabomba ya turbo yenye rangi ya buluu au nyekundu.

Cha pili ni glisarini, na kwa Masisi na Walikale huenda ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wa mtu wa kawaida, kwa sababu huuzwa dukani kama kipodozi cha ngozi. Mpira wa asili, EPDM na nitrili zote huipokea bila kudhurika. Madereva wa nchi za baridi huko Ulaya wameitumia kwa miaka mingi kuzuia milango isigande wakati wa theluji. Wajerumani walikuwa pia wakipaka shahamu ya kulungu kwa kazi hiyohiyo. Kasoro ya glisarini ni kwamba huyeyuka kwenye maji. Mvua moja kubwa huiondoa karibu yote, na ikiwa bado ipo huvuta unyevu wa hewani na kunasa vumbi. Basi ni dawa ya kurudiwa mara kwa mara, isiyo na madhara.

Poda ya watoto nayo si ya kudharauliwa. Mafundi wa matairi wameitumia tangu zamani kati ya tyubu na tairi ili visishikane. Kwenye mpira wa mlango uliosafishwa ukakauka, poda kidogo huzuia mlio na hainasi vumbi kwa kuwa haina mafuta. Katika kiangazi cha Masisi, mwezi wa 6 hadi wa 8, inaweza kufanya kazi nzuri kuliko grisi yoyote. Mvua ikirudi, thamani yake huisha.

Kuna pia grisi nyekundu ya mpira, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvika mipira ya breki. Msingi wake ni mafuta ya mbarika, mmea uleule unaoota wenyewe kando ya njia na kwenye mashamba yaliyoachwa kote Kivu. Mafuta ya mbarika yana umbile tofauti na ya petroli na hayavimbishi mpira wa asili. Ndiyo maana zamani hata mafuta ya breki yalitengenezwa kwa mbarika na alkoholi. Hii haina maana kwamba mbarika iliyokamuliwa nyumbani ipakwe kwenye gari, kwani haijasafishwa na hunata. Lakini kopo la grisi nyekundu likipatikana, linafaa kwa mpira wa asili na wa EPDM pia.

Wenye magari ya paa la kukunja nchi za nje hupenda grisi za gharama kubwa: ya Shin-Etsu ya Japani, ambayo ni silikoni, au Krytox, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani na yenye msingi wa florini. Krytox karibu haichanganyiki na kitu chochote, haioshwi, haikauki. Kwa gari la kazi katika barabara ya matope ni fedha iliyotumika vibaya. Tope litaing'oa kabla haijaonyesha umahiri wake.

Uchaguzi basi unategemea gari linakaa wapi. Kwa gari la Walikale, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na unyevu haukauki chini ya miti, grisi ya silikoni ndiyo inayostahili. Glisarini itaoshwa siku ileile na poda itageuka uji. Kwa gari linalozunguka malisho ya Masisi, silikoni ipakwe nyembamba sana wakati wa kiangazi, au poda itumike badala yake. Udongo wa volkeno wa upande wa Sake na Goma una chembe ngumu zenye makali, na grisi nene hugeuza chembe hizo kuwa msasa. Halafu kuna moshi wa volkeno. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa, upepo mara nyingi huipeleka magharibi, upande wa Masisi, na mvua inayopita ndani yake huwa na asidi. Wakulima wa huko wanaiona kwenye majani ya mazao yao. Kwenye gari, asidi hiyo hukaa ndani ya mfereji wa mpira pamoja na matope na kuanza kula chuma kilicho chini. Kwa hiyo kuosha kwa maji safi kuna uzito kuliko kupaka.

Kazi yenyewe haichukui hata saa moja. Mpira huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali, kwa kitambaa au mswaki laini, mpaka kitambaa kisitoke cheusi cha matope. Mfereji wa chini husafishwa kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, kwa sababu matundu ya kutolea maji yako huko na yakiziba, maji hurudi ndani hata mpira ukiwa mpya. Kisha kila kitu huachwa kikauke kabisa. Kilainishi hutiwa kwenye kitambaa, wala si juu ya mpira moja kwa moja, na hupakwa kwa kitambaa hicho mpaka mpira uwe na mng'ao hafifu. Ukipitisha kidole na kikatoka na mafuta, kilainishi kimezidi; kipanguswe. Kwenye mifereji ya vioo inayopanda na kushuka grisi isitumike kabisa. Itakusanya vumbi na kukikwaruza kioo. Huko silikoni kidogo ya kupuliza, iliyokauka, inatosha.

Kabla ya kupaka, yafaa kujua kama mpira bado unagusa. Karatasi ya daftari huwekwa kwenye ukingo, mlango hufungwa, kisha karatasi huvutwa. Ikitoka bila upinzani, mahali hapo hapazibi. Njia iliyo bora zaidi ni chaki: mpira hupakwa chaki mzunguko wote, mlango hufungwa mara moja na kufunguliwa, na mstari mweupe hubaki kwenye chuma. Mstari ukikatika popote, hapo ndipo vumbi linapoingia. Mlango wa nyuma ndio wa kuangaliwa zaidi, na hilo lina sababu yake: gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huwa hafifu, na vumbi lililoinuliwa na matairi hufyonzwa kuelekea mlango huo. Pengine pia mstari hukatika kwa kuwa bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Kupaka mafuta hakutainua mlango.

Mpira wa kioo cha mbele una kanuni yake. Katika Land Cruiser za 70 kioo hushikwa na mpira mnene wenye mifereji miwili, mmoja wa kioo na mwingine wa chuma. Fundi huuvika mpira kwenye kioo, huzungusha kamba ndani ya mfereji wa nje, hupaka maji ya sabuni, kisha mmoja hukisukuma kioo kutoka nje huku mwingine akiwa ndani akiivuta kamba polepole, nayo huugeuza mdomo wa mpira ukaingia juu ya chuma. Hapo sabuni ndiyo kilainishi pekee kinachofaa. Hurahisisha kazi, kisha hukauka na mpira hushika. Akitumia grisi, kioo kitaendelea kuteleza ndani ya fremu kila gari linapojipinda, na siku moja kitapasuka. Ni sawa na ukingo wa tairi, ambao hupakwa maji ya sabuni wakati wa kufunga rimu na kamwe haupakwi grisi.

Hayo yote, yakikosewa, huleta vumbi, mlio na maji kwenye viti. Liko kosa moja la aina hiyohiyo ambalo huua. Mipira ya ndani ya breki nayo, katika magari mengi, ni ya EPDM au ya aina nyingine isiyovumilia mafuta ya petroli. Dereva akiishiwa na mafuta ya breki njiani, akajaza mafuta ya moteri au ya gia ili afike, pedali hukaa ngumu siku ya kwanza. Baadaye mipira huvimba ndani ya silinda; breki hushika zisiachie, au mipira hujipinda na mafuta yote hupita. Kuanzia hapo hakuna dawa isipokuwa kubadilisha kila mpira uliogusana na mafuta hayo na kuosha mabomba yote. Mteremko wa kurudi Sake kutoka milimani hausamehe jambo hilo. Mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za selsiasi yakiwa mapya, na DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji ya hewani, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo kopo lililoachwa wazi tangu mwaka jana lisitumike kwa gari linaloshuka mlima likiwa na mzigo.

Upatikanaji wa vitu hivi si jambo dogo. Walikale ni mahali ambapo kwa miaka ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kubeba kasiteriti (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie, kwa kuwa njia ya nchi kavu haikuaminika. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati na Goma katika mwezi wa Januari na Walikale-kati katika mwezi wa Machi, na biashara ya vipuri ilivurugika pamoja na mengine mengi. Mpira mpya wa mlango haupatikani katika kila duka. Ule uliopo, ukioshwa na kupakwa kinachoufaa kila baada ya miezi michache, unaweza kudumu miaka mingi.

Mpira uliokwisha kuvimba kwa mafuta hauponi, na uliopasuka mpaka sponji yake ikaonekana hauponi pia; kuupaka silikoni ni kupoteza silikoni. Ubadilishwe, na ukinunuliwa ubonyezwe kwanza kwa vidole viwili: ulio mzima hurudi mara moja. Asiyepata silikoni atumie glisarini, na asiyepata glisarini aoshe kwa maji na sabuni aache hivyohivyo, maana mpira msafi usiopakwa kitu huishi kuliko mpira uliopakwa mazutu.